Adui Ndani ya Ndege ya Rais

Air Force One, muvi ya 1997, haiaminiki hata kidogo. Rais wa Marekani, Harrison Ford, anapigana na magaidi kwa ngumi huko mawinguni! Tukiitazama nyumbani Kericho, Mama alicheka: "Rais gani huyo?"

Kisha Gary Oldman, mkubwa wa watekaji, akamwambia binti wa rais taratibu kwamba babake pia huua, ila yeye hutumia simu na bomu, amevaa suti.

Mama akanyamaza. Alichuma majani chai kwa mkono miaka kumi na tisa, hadi mashine ikaja. Aliyeamua hakumwona, aliletewa barua tu. Mei 2023, mashine zilipochomwa Kericho, jirani yetu aliwaita waliozichoma wahuni. Mama hakusema kitu.

Oldman alipotupwa nje ya ndege, nilipiga makofi. Staringi hafi, bana.

"Huyo adui," Mama akasema, "wangemwacha amalize kuongea."