Mgeni na Chombo Chake

Mgeni aingiapo nchi asiyoijua hufikiri kwanza atakula nini na atalala wapi. Atakwenda kwa chombo gani ni jambo analoliwaza akiwa tayari njiani. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana mmoja wa Lamu aliyekwenda London kusoma miswada ya tenzi iliyohifadhiwa katika maktaba ya SOAS. Alikuwa na siku kumi tu, na fedha chache. Chumba chake kilikuwa kusini ya mto Thames.

Siku za kwanza alichagua reli ya chini ya ardhi. Reli hiyo ilianza mwaka 1863, na mabehewa yake yalivutwa na injini za moshi humo humo shimoni. Abiria wa zama zile bila shaka walijaliwa subira. Sasa huenda kwa umeme, na upesi. Ramani yake, iliyobuniwa na Harry Beck na kutolewa mwaka 1933, husomeka kwa wepesi kwa sababu haijali umbali. Kijana akaiamini. Siku moja alipanda Leicester Square akashuka Covent Garden, kituo cha pili yake, akalipa nauli kamili kwa mwendo usiotimia mita 300.

Hasara hiyo haikumuuma sana. Kilichomuuma ni simu ya usiku ule.

“Mwanangu, mji ukoje?” mama yake aliuliza.

Kijana akatafuta la kusema, akaona ajualo ni ngazi na kuta za shimo.

“Mkubwa, mama,” akajibu, akaona haya.

Asubuhi yake akapanda basi la ghorofa, ambalo nauli yake ni moja, mwendo uwe mrefu au mfupi. Aliona mengi, lakini magari yalisongamana, akafika maktaba amechelewa saa nzima. Saa nzima ni beti nyingi kwa mtu aliyevuka bahari kuzifuata.

Basi akagawa siku: asubuhi reli, kwa ajili ya miswada, jioni miguu, kwa ajili ya mama. Jioni ya kwanza, juu ya daraja la Waterloo, akasimama ghafula. Maji yalikuwa yamekupwa, na matope yameachwa wazi ukingoni.

“Mama,” alisema usiku, “mto wao hupwa na kujaa kama maji ya kwetu.”

“Ehe! Na vyombo hupweleka?”

Kijana akaahidi kwenda kutazama kesho.