Handaki la Mgeni

Katika miaka niliyolitumikia jeshi nilichimba mahandaki mengi, na mengi ya hayo niliyafukia kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipostaafu na kurudi kwa jamaa yangu hapa Kampala, fikira moja ilinisumbua usiku: kwamba jasho langu lote halikuacha hata alama juu ya ardhi. Sikumwambia mtu.

Siku moja binti yangu, mwanafunzi wa sekondari, alinionyesha kitabuni picha ya Machu Picchu, mji wa mawe uliojengwa na Wainka wa Peru juu ya milima katika karne ya 15, ambao wasafiri wengi huuendea kwa miguu. Akauliza, "Baba, na wazee wetu walijenga nini?" Nikajibu kwa haraka kwamba walijenga kwa miti na nyasi, navyo vimekwisha oza. Hakubishana nami. Baada ya siku chache akaniletea habari za Bigo bya Mugenyi.

Likizo ilipofika tulipanda basi hadi Masaka, tukaendelea hadi Sembabule na Ntusi. Gari la mwisho lilitushusha mahali ambapo njia ilikuwa nyembamba, tukashika mwendo kuelekea mto Katonga. Nyasi zilitufika kiunoni, na goti langu bovu likanilazimisha kupumzika mara kwa mara. Binti alinipokea mzigo bila kuambiwa.

Kisha ardhi ikafunguka mbele yetu. Nilishuka ndani ya handaki, nikanyosha fimbo yangu juu, nisiweze kuona nje. Ndugu msomaji, wewe uliyepata kushika sururu utanielewa: sehemu nyingine zimekatwa katika mwamba wenyewe! Mahandaki ya Bigo, yakiunganishwa, yanazidi kilomita 10. Wataalamu Peter Shinnie, mwaka 1957, na Merrick Posnansky, mwaka 1960, walichimbua hapo, na vipimo vinaonyesha kazi hiyo ilifanyika baina ya miaka 1300 na 1500 hivi. Masimulizi ya wazee huitaja kuwa kazi ya Wachwezi, na Mugenyi, ambaye jina lake maana yake ni mgeni, alikuwa mmoja wao.

"Hii ni ngome," nikatamka kama afande anayetoa amri. "Adui angefia hapa."

"Lakini, Baba," akasema binti kwa adabu, "mbona ina milango mingi hivi? Ngome gani huacha malango kila upande?"

Nilitazama tena. Kwa hakika mapengo yalikuwa mengi kuliko walinzi ambao ningeweza kuwapanga. Akanieleza kwamba wengine hudhani mahandaki hayo yalikuwa ya kuongoza na kulinda ng'ombe, kwa kuwa mifupa ya ng'ombe ilionekana kwa wingi katika uchimbaji. Mimi niliyejigamba kuyajua mahandaki nilifundishwa na mtoto, nami sikuona haya.

Tulikaa juu ya tuta hadi jua likapungua. Hakuna jina hata moja la mchimbaji lililobaki. Hata hivyo, tuta lilikuwa limetubeba sisi wawili. Hapo ndipo nilipomweleza binti yangu ile fikira ya usiku. Hakusema neno, alinishika mkono wakati wa kuteremka, wala hakuuachia upesi.

Tuliporudi nyumbani nilimsimulia mama watoto kila kitu: mwamba, urefu, milango. Alisikiliza huku akichambua mchele, kisha akauliza, "Na hao wachimbaji wote, nani aliwapikia?"

Binti akacheka, akasema kwamba wataalamu walikuta pia vipande vingi vya vyungu.

"Basi," akajibu mama yake, "andikeni na hilo."