Binamu zetu wa Gombe

Kiswahili kina utajiri wa majina ya wanyama hawa: kima, tumbili, ngedere, mbega, nyani. Kila mmoja ana jina lake na hawachanganywi. Kisha yuko sokwe mtu. Sisi tuliozaliwa Kigoma tumelisikia jina hilo tangu utotoni, na yeyote aliyewahi kumtazama sokwe usoni anaelewa kwa nini neno "mtu" limo ndani yake.

Huku Uingereza watoto wetu hukutana na habari hizi kwa njia mbili. Ya kwanza ni darasani, kwenye somo la baiolojia, wanapofundishwa asili ya binadamu. Ya pili ni uwanjani wakati wa mapumziko, ambako kuitwa kima ni tusi wanalotupiwa watoto weusi. Mwaka jana njia hizo mbili zilikutana nyumbani kwangu ndani ya wiki moja.

Kijana wangu alikuwa na miaka 13. Jumatatu walisoma asili ya binadamu. Jumatano mwanafunzi mwenzake akamwita kima mbele ya wengine, akaongeza kwamba hata mwalimu amesema watu wa Afrika walitokana na wanyama hao. Mwalimu hakusema hivyo, lakini watoto walicheka. Kijana alirudi, akala kimya, kisha akaniambia, "Mama, somo lile siendi tena. Na usinisimulie tena habari za Kigoma."

Shuleni nilikwenda. Kulikuwa na kikao, barua na pole. Hayo nayaacha. Nataka kueleza tuliyoyazungumza mezani siku zilizofuata, kwa kuwa wako wazazi wengi wenye mtoto kama wangu, na kumwambia "wapuuze tu" hakumtoshi mtoto wa miaka 13.

Nilianza na hili: sayansi haisemi kwamba mtu ametokana na sokwe. Nilimuuliza, "Wewe na binamu yako wa Ujiji mna babu mmoja. Je, binamu yako ndiye aliyekuzaa?" Akatabasamu kidogo. Ndivyo wanasayansi wanavyoeleza. Mtu na sokwe wana mzee mmoja wa zamani sana, aliyeishi miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ambaye hakuwa mtu wala hakuwa sokwe wa leo. Toka hapo ukoo uligawanyika, kila upande ukaenda na njia yake. Vinasaba vyetu na vyao vinafanana kwa takribani asilimia 98 hadi 99, lakini wao wana kromosomu 48 na sisi tuna 46.

Kisha nikamwomba afikiri. Kama babu ni mmoja, nani kati ya wanafunzi wa darasa lako yuko karibu zaidi na sokwe? Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Hakuna. Wote tuko sawa." Ndiyo. Mwingereza, Mchina na Mha wa Kigoma wako umbali uleule kutoka kwa sokwe, kama vile watoto wote wa baba mmoja walivyo na udugu uleule na mtoto wa ami yao. Tusi lile linajidai kuwa ni sayansi, na sayansi yenyewe inalikataa.

Na Afrika je? Hapo mwenzake aligusa jambo la kweli bila kulijua. Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba huenda wazee wa binadamu waliishi Afrika, kwa sababu sokwe na gorila wako huko. Wakati huo hakukuwa na mifupa ya kuthibitisha. Ilikuja baadaye, na mingi ilitoka kwetu. Mwaka 1959, Mary Leakey alipata fuvu katika bonde la Olduvai, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi, likapewa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu. Huko Laetoli, kusini ya Olduvai, zilipatikana mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Na binadamu kamili kama sisi? Mabaki ya kale kabisa yanayojulikana yametoka Moroko, ya miaka kama 300,000. Watu wote wa Ulaya, Asia na Amerika ni uzao wa watu waliotoka Afrika. Kwa lugha ya nyumbani, wote ni wahamiaji kama sisi, ila wao walitangulia kuondoka.

Jumapili tulimpigia bibi yake simu ya video. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, mbona uso umenuna?" Akaeleza yote. Mama yangu alikulia kando ya ziwa, na alipokuwa mdogo baba yake alikuwa akianika dagaa kwenye fukwe za Gombe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanakutukana kwa mnyama wasiyemjua. Sokwe akinyeshewa mvua hukaa kama mtu mwenye deni. Mkono juu ya goti, kichwa chini. Mtoto wake akilia, anamkumbatia. Hilo ni tusi?"

Ndipo kijana akaanza kuuliza maswali yake mwenyewe, nasi tukaanza kusoma. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akiwa na miaka 26, amefuatana na mama yake mzazi. Mwezi Novemba alimwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akiingiza ujiti kwenye kichuguu, akiutoa umejaa mchwa, akiwala. Baadaye aliwaona wakichuma vijiti na kupukuchua majani kwanza. Zana hiyo haikuokotwa tu, ilitengenezwa. Hadi siku hiyo vitabu vilikuwa vikimtambulisha binadamu kuwa ndiye kiumbe pekee anayetengeneza zana. Vitabu vikabidi viandikwe upya, kwa sababu ya kichuguu kimoja cha mkoani kwetu.

Binti yangu mdogo, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya anachora, alifurahia jambo jingine. Watafiti wa Gombe waligundua kwamba sokwe wa kike hujifunza kuvua mchwa mapema kuliko kaka zao. Wa kike hukaa karibu na mama, wakitazama kila anachofanya. Wa kiume wanacheza. Alimtazama kaka yake bila kusema neno, nasi sote tukacheka.

Wako pia sokwe waliopimwa akili mbali na msitu. Huko Kyoto, Japani, sokwe aitwaye Ayumu alioneshwa namba kwenye skrini kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, kisha zikafunikwa. Yeye akagusa mahali zilipokuwa kwa mpangilio, akawashinda wanafunzi wa chuo waliojaribiwa naye. Huko Marekani, Kanzi, ambaye ni bonobo, jamii ambayo porini inapatikana Kongo peke yake, alijifunza kuzungumza kwa kugusa alama. Aliyekuwa akifundishwa alikuwa mama yake wa kulea. Mtoto alikuwa akicheza pembeni, na siku mama alipoondolewa, ikaonekana mtoto ndiye aliyeshika somo.

Sikutaka kuwapamba. Sokwe wana ukatili pia. Kati ya mwaka 1974 na 1978 kundi moja la Gombe liliwaua madume wa kundi jirani mmoja mmoja, na hao walikuwa wamewahi kuishi nao pamoja. Lakini mwaka 1972 bibi mmoja aitwaye Flo alipokufa, mwanawe Flint, mwenye miaka minane na ushei, alikataa kula, akajitenga, na baada ya wiki chache naye akafa. Kijana wangu alinisomea kisa hicho kwa sauti, na hakumaliza vizuri.

Lililonikaa mimi ni habari ya michikichi. Sokwe wa Gombe hula matunda ya mchikichi. Wa Mahale, kusini zaidi kando ya ziwa hilohilo, wana michikichi na hawaigusi. Na wa Bossou, huko Guinea, hupasua kokwa zake kwa mawe, jambo ambalo wa Gombe hawalifanyi, ingawa mawe yapo na kokwa zipo. Kwa nini? Kwa sababu mama zao hawakufanya. Mtoto hula alichoona mama yake akila. Nimeishi Leicester miaka 16, na nikipika ugali na migebuka kwa mawese yaliyosafiri kwenye begi la mtu, huwa nawaita watoto jikoni. Siwapi somo. Nataka waone tu.

Swali la imani nalo lilikuja, kama linavyokuja katika nyumba nyingi za wasomaji wa jarida hili. Binti ndiye aliyemuuliza bibi yake: je, Mungu ndiye aliyetuumba au la? Mama yangu hakusita. "Aliyekuumba wewe ndiye aliyemuumba na sokwe. Hayo ya lini na vipi, someni, ndiyo maana amewapa akili." Wako watakaotaka jibu refu zaidi, na kila nyumba ina mwalimu wake. Kwetu lilitosha.

Kijana alirudi kwenye somo lile. Mwezi Machi alisimama mbele ya darasa akaeleza habari za kichuguu na za Laetoli kwa dakika kumi, akawaonesha Kigoma kwenye ramani. Aliyemtukana alikuwepo. Hawajawa marafiki.

Jane Goodall alifariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, na utafiti wa Gombe unaendelea hadi leo. Msitu wenyewe ni mdogo, na mashamba yameuzunguka. Julai tunakwenda, Mungu akipenda, kwa boti kutoka Kibirizi. Nimewaeleza watoto masharti: msile mbele yao, msiwakaribie, na mwenye mafua abaki kambini, maana maradhi yetu huwapata sokwe haraka.

"Kwa hiyo nikipiga chafya, yeye ndiye anaugua?" aliuliza binti.

Nikamwambia ndiyo. Damu zimekaribiana kiasi hicho.