Wataka ya Kupendeza au ya Kusema?

Kutoka Tanga hadi Mombasa si mbali, lakini nilifika utu uzima kabla sijaipita njia hiyo. Horohoro tuligongewa mihuri, tukabadilisha fedha, kisha Lungalunga, Msambweni, Ukunda, minazi kushoto na kulia, mpaka barabara ikaishia majini. Likoni gari linalipa kuvuka, mwenda kwa miguu anavuka bure. Abiria tukashuka, tukaingia kwenye feri na umati wa asubuhi.

Katika umati ule huna pa kutazama ila migongo ya walio mbele yako, na migongo ya Mombasa imeandikwa. Wanawake wengi walikuwa wamejitanda leso, maana kanga huku ndiyo leso. Mmoja alikuwa anamshukuru Mungu, mwingine anamwonya jirani, na mama mmoja aliyebeba kapu la samaki alikuwa anautangazia ulimwengu kwamba anapendwa. Nilivuka bahari nikiwa nasoma, sikuiona bahari yenyewe.

Ng'ambo nilikula mahamri na mbaazi za nazi. Hamri la hapa lina pembe tatu, linanukia iliki, na ndani ni tupu. Utupu huo ndio ufundi wake: unalipasua, unalijaza mbaazi, unalitafuna, na hapo umekula chakula na sahani yake. Wabunifu wa vyombo wanaoshinda wakichora vikombe visivyoshikika wangeletwa kwenye benchi lile wakae kimya wale.

Tuktuk ilinipitisha Moi Avenue, chini ya zile pembe kubwa za ndovu. Ni za alumini, jozi mbili zinazopishana juu ya barabara, na ukizitazama kwa mbali zinafanya herufi M. Picha nimeziona tangu utotoni. Nilizipenda zaidi nilipoona watu wanapita chini yake bila hata kuinua macho.

Safari yangu hasa ilikuwa Biashara Street. Shangazi alikuwa amenituma leso ya kumpa wifi yake, na sharti lake lilikuwa gumu: isiwe na tusi, lakini wifi alisikie. Maduka yamepangana pande zote mbili, vitambaa vimekunjwa hadi darini, na kwenye vingine utaona chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, jina kongwe katika biashara hii ya leso.

"Wataka ya kupendeza au ya kusema?" mwenye duka aliniuliza.

Nikamwambia ya kusema. Akakunjua moja juu ya kaunta, na hapo nikaona jinsi kitu hiki kilivyopangwa. Pindo linazunguka pande zote nne, mji umekaa katikati, na jina limewekwa chini ya mji, karibu na pindo, ndani ya kisanduku chake. Rangi zinaweza kupiga kelele zitakavyo, jina linabaki linasomeka. Zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi zimebadilika, mahali pake pamebaki palepale. Magazeti mengi hayajui kupanga ukurasa hivi.

Ya kwanza ilisema "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mimi niliiona nzuri. Mama mmoja aliyekuwa anachagua zake akaguna.

"Huyo wifi yuwaja lini?"

"Mwezi ujao, mama."

"Na yuwaja kukaa?"

"Miezi miwili, nasikia."

"Basi hiyo usimpe. Atakaa mwaka."

Mwenzake akavuta nyingine: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Wakabishana kama hiyo ni onyo au matusi kamili. Mwenye duka, ambaye bila shaka ameyasikia mabishano haya maisha yake yote, akaweka ya tatu kimyakimya: "Wema hauozi." Hiyo nayo, mama wa kwanza alisema, mwenye deni la wema akiipokea hatalala. Neno lilelile ni shukrani kwa mmoja na dai kwa mwingine. Kilichochapwa ni nusu tu, nusu ya pili anaijua mpokeaji.

Nikampigia shangazi simu, nikamsomea zote tatu. Akataka nizirudie pole pole. Kisha akaamua: "Wema hauozi" ya wifi, na ya nyota nimletee yeye, ataivaa siku ya kumpokea mgeni.

"Huyo ayajua," mama yule akasema, akarudi kwenye zake.

Doti huuzwa haijakatwa. Fundi wa kupinda alikuwa na foleni, akaniambia nirudi saa kumi. Nikashika njia ya Mama Ngina Drive kutafuta kachiri: muhogo unakatwa vipande vyembamba mbele yako, unatumbukia kwenye mafuta ya moto, unatoka ukilia, unanyunyiziwa chumvi, pilipili na limau. Pakiti ya kwanza niliila nimesimama chini ya mbuyu, meli inaingia Kilindini. Ya pili nikaomba azidishe pilipili.