Kifundo cha Mkono wa Kulia

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu na anacheza mpira wa vikapu. Juzi aliniambia, bila kutia shaka yoyote, kwamba Nyakoe haijawahi kutoa mchezaji wa maana wa mchezo huo. Tulikuwa tumesimama sokoni, na hatua chache kutoka pale mwanamume mmoja alikuwa akimhesabia mama mmoja mikungu ya ndizi kabla ya lori la Nairobi kufungwa turubai. Mpwa wangu alimsalimia kwa heshima, akamwita baba mdogo, akaendelea na maneno yake. Iliniuma. Mtu yule ndiye mrushaji bora niliyewahi kumwona kwa macho yangu, nami nimetazama michezo mingi.

Sitaandika jina lake. Yuko hai, ana watoto, na hapendi kusemwasemwa. Ni mtoto wa baba yangu mdogo, nami namwita mdogo wangu.

Kikapu chetu kilikuwa nyuma ya soko, upande wa bondeni, kwenye mkaratusi uliokatwa matawi. Ringi ilikuwa ya nondo, imekunjwa na fundi wa kuchomelea, na haikufika sentimita 45 zinazotakiwa. Mwalimu mmoja alitupimia kwa kamba ya mkonge yenye mafundo: mita 3.05 kutoka ardhini hadi kwenye ringi, na mita 4.6 kutoka ubaoni hadi mstari wa mitupo huru. Mstari wenyewe tuliuchora kwa majivu, na kwa kuwa mvua ya Kisii haikosi kufika alasiri, kesho yake tulichora tena. Kwenye ringi nyembamba vile, mpira usipopita katikati kabisa unakurudia usoni. Mdogo wangu alijifunzia hapo. Alipoingia sekondari na kukutana na ringi ya vipimo halali, aliiona pana kama sufuria la harusi.

Mpira tuliujaza upepo kwa fundi baiskeli. Huyu mzee nikimkumbuka nasikia kwanza harufu ya kibanda chake: gundi ya viraka, grisi, mpira wa tairi uliochomwa, na ndizi mbivu, kwa sababu mkewe aliuza ndizi mlangoni palepale. Alikuwa na sindano moja tu ya kujazia mipira, ameifunga kwa uzi mwekundu kwenye msumari ukutani ili isiibiwe. Unafika, unasema, "Tata, naomba upepo," naye hakujibu mpaka amalize gurudumu alilonalo. Aliigeuza baiskeli juu chini, akalizungusha gurudumu, akasogeza ukucha wa kidole gumba karibu na rimu, akasikiliza. Ukucha ukigusa mahali pamoja, anakaza spoku moja, anazungusha tena. Hakutoza watoto hela. Alidai tu tumrudishie sindano mkononi, si kuiacha mezani. Jioni alitoka na kigoda chake kuja kututazama. Hakuwahi kushangilia. Alitazama mikono.

Na mikono ya mdogo wangu ilistahili kutazamwa. Kiwiko kilikaa chini ya mpira, kiganja kililala nyuma hadi ngozi ya kifundo ikajikunja, na mpira ulipotoka ulizunguka kinyumenyume taratibu, ukiagwa na kidole cha shahada na cha kati. Mkono ulibaki juu hadi mpira upite. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Televisheni yenyewe ilikuwa kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ilionyesha kandanda.

Nilikuwa naamini mdogo wangu aliumia mkono 2006. Mwenzake wa timu anasisitiza kuwa ni 2007, kwa kuwa mwanzo wa mwaka uliofuata ndio ule ambao, kwa ghasia za baada ya uchaguzi, shule zilichelewa kufunguliwa na barabara ya Sotik haikupitika. Nadhani yuko sahihi.  Basi tuuache mwaka. Ilikuwa muhula wa kwanza, msimu wa vikapu, uwanja wa murami. Aliruka kurusha, mtu akaingia chini yake, akaanguka kinyumenyume na kuupokea mwili wote kwa kiganja cha kulia.

Alipelekwa kupigwa picha. Wakasema hakuna mfupa uliovunjika, wakamfunga bandeji, wakampa vidonge. Leo najua kilichotokea, na kujua kwangu hakunipunguzii hasira. Chini ya kidole gumba kuna mfupa mdogo, usiozidi ukubwa wa korosho, ambao huvunjika mtu anapoangukia kiganja. Ufa wake mara nyingi hauonekani siku ya kwanza. Inabidi mkono ufungwe plasta na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Tena damu huuingia mfupa huo zaidi kwa upande wa mbali, hivyo ukikatika kipande cha karibu hukosa damu na huweza kufa. Hakuna aliyemwambia arudi. Nyumbani wakaongeza kumkanda kwa mafuta ya moto. Hii ni nchi ya ababari, mafundi wa jadi waliofungua fuvu la aliyeumia kichwa na mgonjwa akapona, na watafiti wakaja kutoka mbali kuandika habari zao. Lakini kifundo hiki kilitaka kutulia tu, na hakuna aliyekipa utulivu.

Aliporudi uwanjani mpira ulianguka mbele ya ringi. Mtupo baada ya mtupo, ulifika mfupi. Akaanza kusukuma kwa bega, kiwiko kikatoka nje, mpira ukapoteza mzunguko. Maneno yakaanza: ameingiwa na uoga, amepata msichana, amevuta bangi, amerogwa na watu wa mama wa kambo. Kocha mmoja alimweka benchi mbele ya wenzake na kumwita mvivu. Mtoto aliyekuwa akiamka alfajiri kurusha akiwa peke yake, umande ukiwa bado juu ya majani, anaitwa mvivu! Hilo sijalisamehe.

Fundi baiskeli ndiye aliyejua. Jioni moja aliacha kigoda, akamwita kijana, kwa lugha yetu: "Momura, njoo." Akaishika mikono yote miwili, akaikunja nyuma pamoja. Wa kushoto ulilala. Wa kulia ulisimama nusu ya njia. "Huu umekwama," akasema. "Kichwa chake ni kizima." Miezi mingi ilikuwa imepita. Picha ya pili, mjini Kisii, ilionyesha mfupa vipande viwili. Upasuaji ulitajwa na bei yake ikatajwa, na karo ilikuwa haijalipwa.

Miaka iliyobaki ilikwenda haraka. Alimaliza kidato cha nne, akaingia biashara ya ndizi. Mwaka 2017 kijana wa Marekani, Markelle Fultz, alichaguliwa wa kwanza katika drafti ya NBA na Philadelphia akiwa na miaka 19, kisha mkono wake ukasahau kurusha; msimu ule akacheza mechi 14 tu, dunia ikamcheka na kusema tatizo ni akili. Desemba 2018 ikatangazwa kuwa madaktari wamegundua mishipa yake ya fahamu inabanwa kati ya shingo na bega. Nilimpelekea mdogo wangu habari hiyo. Aliisoma mara mbili. Februari 2021, Tylor Ongwae alipoifunga Angola sekunde ya mwisho kule Yaoundé, 74 kwa 73, na Kenya ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28, tuliitazama pamoja kwenye simu, ndani ya kibanda cha ndizi. Alichosema ni, "Umeona kiganja?"

Mkaratusi ulikatwa kupisha vibanda. Fundi alifariki, na wanawe wanauza vipuri vya boda boda. Ukiifuata barabara hii hadi Oyugis, wanafunzi wa shule ya Agoro Sare wanakula na kulala vikapu. Huku kwetu watoto wana viatu vizuri kuliko vyetu, lakini hawana kikapu kimoja cha kijijini.

Wiki hii nilikwenda shuleni kwa mpwa wangu. Nikamwomba mwalimu wa michezo anionyeshe sanduku la huduma ya kwanza. Lilikuwa na bandeji, spiriti, dawa ya kupuliza na paketi ya glukosi. Nikamweleza juu ya ule mfupa mdogo na picha ya pili. Akayaandika hayo kwenye daftari la timu, chini ya orodha ya jezi.