Maji yaliyokuwa chini ya sakafu

Likizo ya mwaka jana nilitumwa kufanya utume katika parokia moja ya visiwani, Ziwa Victoria. Parokia hiyo ina vigango ambavyo gari haliwezi kuvifikia, kwa sababu viko ng'ambo ya maji. Padre akienda kuadhimisha Misa huko anapanda boti ya parokia: ya faiba, urefu wa mita 7, injini ya nguvu farasi 40 nyuma. Inabeba hostia na divai, inabeba mama mjamzito usiku wa manane, inabeba saruji. Nilipofika ilikuwa inavuja. Mahali fulani kwenye mkuku kulikuwa na ufa, na paroko alitaka izibwe kabla ya zamu ya vigango kuanza.

Kwa kawaida boti ndogo huvutwa tu hadi mchangani, watu kumi na gogo la kuviringishia, wimbo mmoja na kazi imekwisha. Lakini ufukwe wa pale ni mawe matupu, na faiba ikiburuzwa juu ya mawe inachanika vibaya zaidi. Ikaamuliwa tuinyanyue kwenye gati dogo la wavuvi, ambako kuna nguzo ya chuma yenye mkono, na kwenye mkono huo winchi ya cheni, ile ambayo mafundi wa magari hunyanyulia injini. Winchi imeandikwa tani 2. Boti peke yake ina kilo 650 kwa mujibu wa kibao chake, na injini karibu kilo 70. Nikaona hapo hakuna tatizo.

Paroko alikuwa na kikao dekania, akaniambia, "Frateri, simamia." Neno hilo lilinipendeza kuliko ilivyostahili.

Tulikuwa wanne. Katekista, kijana mmoja wa uvuvi aliyejitolea, mimi, na mzee fundi wa boti ambaye watu wote pale humwita Fundi tu, hata wajukuu zake. Tukapitisha mikanda miwili chini ya boti, mmoja mbele na mmoja nyuma, ncha zote zikapanda kwenye kulabu moja. Mikanda ilikuwa mifupi, ikalala sana, ikaanza kuminya kingo za boti. Hapo nikachukua kalamu.

Naomba msomaji anivumilie kidogo, maana jambo hili lina manufaa kwa yeyote atakayewahi kuning'iniza kitu kizito, hata kengele ya kanisa. Mzigo ukining'inizwa kwa miguu miwili ya mkanda, kila mguu haubebi nusu ya uzito, isipokuwa kama imesimama wima kabisa. Ikiegemea kiasi cha nyuzi 60 kutoka usawa wa maji, kila mguu unabeba kama asilimia 58. Kwa nyuzi 45 ni asilimia 71. Kwa nyuzi 30, kila mguu unavutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa mzigo wote. Mkanda unaolala ni mkanda unaoteswa, na boti pia inateswa kwa kubanwa ubavuni. Niliwachorea pembetatu kwenye boksi la biskuti, nikasema tutafute mikanda mirefu zaidi. Kijana akaazima kwa wenye boti za mizigo, tukafunga upya, pembe ikawa nzuri. Fundi alitazama mchoro wangu muda mrefu akasema, "Hii kweli. Mimi nilikuwa najua kwa kuona, sasa naijua kwa hesabu."

Nilifurahi mno. Nadhani kosa langu lilianzia katika furaha ile, kwa sababu tangu hapo niliacha kumsikiliza.

Fundi alishuka akasimama pembeni mwa gati, akaweka mguu kwenye ukingo wa boti, akaikandamiza na kuiachia. Boti ikalala upande, ikakaa huko kidogo kama mtu anayefikiri, kisha ikarudi polepole. Akarudia mara ya pili. Akasema, "Frateri, hii ina maji tumboni."

Nikamjibu, "Mzee, tumeshayafua yote. Angalia, pakavu."

"Hapo juu pakavu. Mimi nasema tumboni, chini ya sakafu." Kisha akasema mambo mawili mengine. Kwamba tuinyanyue kiganja kimoja tu juu ya maji, tusimame, tufungue kizibo cha nyuma na kungoja. Na kwamba mkanda wa mbele na wa nyuma viungwe kwa kamba, ubavu huu na ubavu ule, ili mkanda wa mbele usitelezee huko ambako boti inakuwa nyembamba.

Kamba ilikuwa parokiani, mwendo wa dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi. Jua lilikuwa linashuka. Nilikuwa nimeshampigia paroko simu kwamba tunakaribia kumaliza. Nikasema, kwa heshima zote na kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Mzee, tutafanya hivyo tukishaiweka juu." Fundi hakubishana. Alivuta mkono wa katekista, wakasogea nyuma hatua nne. Sikulielewa tendo lile wakati ule. Kijana ndiye aliyebaki ameshika pua ya boti kwa mikono, kwa sababu kamba ya kuongozea nayo hatukuwa nayo. Mimi nikavuta cheni.

Kila mwanafunzi wa sekondari amesikia habari za Archimedes wa Sirakusa: kitu kinachoelea kinabebwa na maji kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasukuma. Nililijua hilo kwa mtihani. Sikuwahi kufikiri maana yake kwa anayenyanyua. Maana yake ni kwamba boti ikiwa bado imegusa ziwa, ziwa linakusaidia na linakuficha mengi. Mikanda inakaza kidogo kidogo, kila kitu kinaonekana sawa. Ni pale mkuku unapoachana na maji ndipo uzito wote unakuja juu yako kwa mara moja, na kila kilichokuwa hakijakaa sawa kinajionyesha.

Mkuku ukaachana na maji. Nyuma kulikuwa na injini, kwa hiyo nyuma ikashuka kidogo. Kidogo tu, ningeweza kuisamehe. Lakini maji ya chini ya sakafu yakafuata mteremko. Yalivyokwenda nyuma, nyuma ikazidi kuwa nzito, na ilivyozidi kuwa nzito yakazidi kwenda. Tuliyasikia yakikimbia ndani. Pua ikapanda, mkanda wa mbele ukateleza ukatoka, na boti ikageuka ikining'inia kwa mkanda mmoja. Injini iligonga ukingo wa gati. Pua ilizunguka na kuubana mkono wa yule kijana kwenye nguzo ya chuma.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika. Tulimvusha usiku ule kwa boti ya kuazima hadi hospitali, na njia nzima hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka.

Kesho yake Fundi na wenzake waliiteremsha boti taratibu, wakaiegesha mahali pa kina kifupi, wakatoboa sakafu. Katekista alihesabu ndoo. Zilikuwa 9 za lita 20, yaani kilo 180, zaidi ya uzito wa injini mbili. Alinipa hesabu hiyo bila neno jingine lolote, kama anayesoma matangazo baada ya Misa.

Paroko aliporudi nilimweleza kila kitu. Nilitegemea aulize gharama ya injini. Aliuliza, "Mzee alisema nini?" Nikamwambia. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema twende tukamwone kijana.

Tulimkuta kwao, mkono umefungwa plasta. Niliomba msamaha. Yeye alisema ni ajali, lakini mama yake hakusema hivyo. Alituletea viti, akatusalimu vizuri, "Tumsifu Yesu Kristo," kisha akasema, "Frateri, mkono huu ndio unaotulisha." Hakuwa na hasira. Nilikuwa nimeandaa maneno ya faraja na sikuweza kutoa hata moja. Kwa wiki sita kijana hakwenda ziwani. Parokia iligharimia matibabu, na mimi nilitoa kiasi nilichokuwa nacho, lakini mtu anayeishi kwa samaki wa kila siku hawezi kurudishiwa wiki sita.

Katika muhula uliotangulia tulikuwa tumesoma kitabu cha 6 cha maadili ya Nikomako. Aristotle anasema humo kwamba kijana anaweza kuwa bingwa wa jiometria, lakini si rahisi kumkuta kijana mwenye busara, kwa sababu busara inahusu mambo mamojamoja, na hayo hujulikana kwa uzoefu, nao unahitaji muda. Mbele kidogo anashauri kwamba kauli za wazee wenye uzoefu zipewe uzito hata kama hawakutoa uthibitisho. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapotaja sehemu za busara katika Summa Theologiae, anaweka humo utayari wa kufundishwa, na anasema hakuna mtu anayejitosheleza katika mambo ya busara. Nilikuwa nimeyaandika yote hayo kwenye karatasi ya mtihani na nikapata alama nzuri. Pembetatu yangu ilikuwa sahihi. Bado naamini ilikuwa sahihi, na Fundi pia anaamini. Ila niliichukua kama leseni ya kuamua hata yale ambayo haikuyagusa.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hesabu, na nalisema hapa kwa sababu wengi wetu tunaosoma gazeti hili tunaandaliwa kuongoza watu. Fundi hakubishana nami. Mzee wa umri wa babu yangu, aliyetengeneza boti tangu kabla sijazaliwa, aliniachia nikosee kwa sababu naitwa Frateri. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakunikataza, alishangaa. "Ningekukatazaje? Wewe ndiye uliyetumwa." Heshima waliyonipa ilikuwa kubwa kuliko akili niliyokuwa nayo siku ile, na kijana ndiye aliyelipia tofauti yake.

Boti ilinyanyuliwa tena wiki tatu baadaye. Safari hii Fundi ndiye aliyesimamia, na nilimwomba paroko aseme hivyo mbele ya watu wote. Injini ilifunguliwa kwanza ikabebwa pembeni. Mikanda iliungwa kwa kamba ubavu kwa ubavu. Kamba mbili za kuongozea zilifungwa, moja mbele na moja nyuma, kila moja ndefu kiasi cha kumfanya mshikaji asimame mbali na chombo na mbali na nguzo. Fundi alitufukuza wote waliokuwa karibu na mkono wa winchi, akamfukuza hata paroko. Kisha akanipa kamba ya nyuma, akanionyesha pa kukanyaga.

Boti ikapanda kiganja kimoja. Akainua mkono, cheni ikasimama. Akainama akafungua kizibo, maji yakaanza kutoka, kwanza kwa nguvu, halafu kwa mkondo mwembamba. Tulisimama hivyo. Watu wakaanza kuchoka, mtu mmoja akauliza kama bado. Fundi hakumjibu. Mkondo ukawa matone, na yeye alikuwa bado ameinama, anayahesabu.