Maji Yatapita Upande wa Nani?

Huko Valencia, Uhispania, mtoni hapana maji. Unashuka ngazi kutoka barabarani, unapita chini ya madaraja ya mawe ya zamani, na pale ulipopita mto Turia unakuta michungwa, mitende, viwanja vya mpira na raga, wakimbiaji wakipishana asubuhi. Bustani hii ina urefu wa kilomita zipatazo 9. Ndani yake kalazwa Gulliver, sanamu ya jitu la mita 70 lililofungwa kamba. Watoto hupanda mwilini mwake na kuteleza kwenye mikunjo ya koti lake hadi suruali zao zinachanika.

Raha hiyo ilianzia msibani. Oktoba 14, 1957 Turia ulifurika ukaua watu wasiopungua 81. Serikali ya dikteta Franco ikauchepusha mto, ukachimbiwa mfereji mpya kusini mwa jiji. Mkondo wa zamani ulipokauka, wakubwa walitaka kupitisha humo barabara kuu ya magari. Wananchi wakagoma. Walitaka miti. Mwaka 1976 eneo likakabidhiwa kwa jiji, na katika miaka ya 1980 bustani ikaanza kuota.

Kwa muda mrefu habari hii ilinitosha: watu wakishikilia jambo, lami hushindwa. Bado naiamini. Lakini Oktoba 29, 2024 mafuriko yalirudi, na jiji la katikati likanusurika kwa sababu ya mfereji ule. Ng'ambo yake, mtaa wa La Torre na miji kama Paiporta na Catarroja ikazama, hasa kwa maji ya korongo la Poyo. Mkoani humo walikufa watu zaidi ya 200. Siku zilizofuata maelfu walivuka mfereji kwa daraja la waenda kwa miguu, mabegani mafagio na mabeleshi, mikononi maji ya kunywa. Picha zile zilinigusa kuliko bustani yenyewe. Waliobaki wakavu hawakukaa wakishukuru Mungu tu. Walikwenda kuzoa tope la wenzao.

Kwetu Dar es Salaam, mradi wa kudhibiti mafuriko katika Bonde la Msimbazi nao una mpango wa bustani ya jiji. Naitamani sana, maana watoto wa Jangwani na Magomeni wanastahili pa kuchezea. Ila kabla ya kuchagua miche, naomba tuambiwe mvua kubwa ikija maji yatasukumwa upande upi, na upande huo wanaishi kina nani.